Makaburi Hayauzwi?



Naomba radhi kwa ukimya. Tangu Noeli sijaandika kitu hapa, na wengine mmeniuliza kama nimezidiwa na kazi za mwaka wa kichungaji. Hapana. Kuna jambo la nyumbani lilinikwama kooni, na nilijua nikishika kalamu litatoka lenyewe. Sasa tuko Kwaresima, kipindi cha kusema ukweli. Acha litoke.

Swali ni hili: je, wafu wana haki juu yetu? Sisemi habari ya kuwaombea tu, hilo tunalijua tangu katekisimu. Nauliza kama wanaweza kutudai. Mtu aliyelala chini ya migomba miaka thelathini, anaweza kumzuia aliye hai asifanye jambo analolihitaji sana? Darasani, wakati nasoma falsafa, nililijibu swali hili kwa kurasa nane na nikapata alama nzuri. Nyumbani nililijibu kwa maneno mawili, nikakosea.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba iliyopita nilikuwa nyumbani Nshamba kwa ruhusa ya siku chache. Vijana wa parokia wakanifuata: "Frateri, twende Rubya kwa miguu, tukaombee marehemu, turudi jioni." Wazo zuri. Mnajua kwamba kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba Mama Kanisa anatoa rehema kamili kwa ajili ya marehemu, kwa muumini anayetembelea makaburi na kuwaombea wafu, akitimiza na masharti ya kawaida: kuungama, kukomunika na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Tukakubaliana. Tukawa ishirini na watatu, na rozari, na chupa za maji, na mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko wa mmoja wetu ambaye sitamtaja kwa sababu aliimaliza kabla hatujafika.

Tukiwa tunajiandaa niliwaonyesha picha kwenye simu. Mwenzangu mmoja anasoma Ireland, na huwa ananitumia picha za milima ya huko. Kuna mlima unaitwa Croagh Patrick ambao Jumapili ya mwisho ya Julai mahujaji wanaupanda kwa maelfu, wengine peku, kwa heshima ya Mtakatifu Patrisi. Huko njia zina vibao, magofu ya monasteri yametunzwa, kila jiwe lina maelezo yake. Kijana mmoja, ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, akaangalia picha, akanirudishia simu, akasema, "Wenzetu wana historia. Sisi tuna migomba."

Watu walicheka, ila mimi sikupenda lile neno likae hivyo hivyo. Nikamwambia habari ya Katuruka, kule Maruku upande wa Bukoba. Wazee wa pale walisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyetaka kujenga mnara wa chuma hadi mbinguni. Karibu na mwaka 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, aliyafuata masimulizi hayo, akachimba, akakuta mabaki ya ufuaji chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Yaani wakati Bwana wetu anazaliwa Bethlehemu, mababu wa Buhaya walikuwa tayari wanayeyusha chuma. Kijana akasema, "Kumbe!" Basi tukaanza safari.

Na sisi wa Nshamba tuna habari yetu, tena dunia nzima inaijua. Nendeni intaneti mtaikuta. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya misheni ya wasichana pale Kashasha, wanafunzi watatu walianza kucheka na wakashindwa kuacha. Kicheko kikasambaa. Katika wanafunzi 159, wakashikwa 95. Mwezi Machi shule ikafungwa, wasichana wakarudishwa makwao, na baadhi yao kwao kulikuwa Nshamba. Aprili na Mei mwaka huo watu 217 wa hapa kwetu, wengi wao vijana na watoto, wakashikwa na hali ile ile. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika juu yake mwaka 1963: hawakukuta sumu wala kijidudu cha kuieleza.

Huko mitandaoni habari hii inasimuliwa kama kichekesho: eti Waafrika walicheka miezi mingi. Lakini ukisoma vizuri, haikuwa furaha. Watu walicheka huku wanalia, wengine wakikimbia kwa hofu, wengine kwa siku kadhaa mfululizo. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa wiki saba tu. Nilipokuwa naisimulia tukiwa njiani, binti mmoja wa kwaya alikuwa kimya. Baadaye akaniambia taratibu, "Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Hapendi kuulizwa."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeitumia kumbukumbu ya bibi wa mtu kuchangamsha safari. Nilidhani naheshimu historia yetu, kumbe namkanyaga mwenye historia ambaye bado yu hai. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Tulipotoka kwenye migomba tukaingia rweya. Kwa wasomaji wa mbali: nchi yetu iko hivi. Vijiji ni kama visiwa vya kijani, kila nyumba ndani ya kibanja chake, migomba, mibuni, maharage na miti ya kivuli vimechanganyika. Ukitoka hapo unakutana na rweya, yaani nyika wazi ya majani kwenye migongo ya vilima, upepo unavuma, unaona mbali kilima juu ya kilima. Mgeni anaweza kudhani Mungu aliweka udongo mzuri kijijini na udongo mbaya kwenye rweya. Sivyo. Udongo wa asili ni ule ule, mwekundu na mchovu. Kibanja kimekuwa cheusi kwa sababu vizazi vya watu walikata majani kwenye rweya, wakayabeba, wakayatandaza chini ya migomba, wakaweka samadi, mwaka hadi mwaka. Kibanja kimetengenezwa na watu.

Na ni nani hasa waliobeba? Pale juu tulikutana nao: akina mama watatu, kila mmoja na mzigo wa majani kichwani mkubwa kuliko yeye, wanateremka kwenye utelezi wa mvua za Novemba. Vijana wakawapisha. Mmoja wao alikuwa mzee, anachechemea. Akasema, "Mpite, waitu, ninyi ndio wenye haraka." Mwendo wake ulikuwa mwendo wa shangazi yangu. Hapo ndipo tumbo lilinigeuka.

Sasa niwaambie kuhusu shangazi.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Aliyemuuguza ni dada yake, shangazi yangu, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Alimuuguza baba, akamuuguza babu, akamuuguza bibi. Wote watatu wamelala katika kibanja chetu, nyuma ya nyumba. Mimi alinilea mpaka nikaenda shule ya bweni. Kibanja kile amekilima miaka arobaini. Kisha nyonga yake ikaisha. Anatembea kwa fimbo, na daktari alimwambia anahitaji upasuaji, na upasuaji una bei. Migomba nayo ilipigwa na mnyauko, akang'oa karibu nusu kwa mkono wake. Agosti iliyopita akatoa wazo: auze sehemu ya kibanja kwa jirani, apate kutibiwa, na kinachobaki kimsomeshe mjukuu anayekaa naye.

Babu hakuacha wosia. Baba mkubwa akasema ardhi ya ukoo haiuzwi, na mwanamke hana kauli juu yake. Wakanipigia simu na mimi, kwa kuwa nabeba sauti ya baba yangu, na kwa kuwa ni frateri, neno langu lingeonekana la haki. Nilikuwa koridoni, nawahi Masifu ya Jioni. Nikasema kwa sauti ya mtu mwenye shahada: "Shangazi, makaburi hayauzwi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa, Frateri. Wewe ndiye umesoma."

Hakuniita mwanangu.

Tulifika Rubya karibu na saa sita mchana. Wengi mnaijua kwa hospitali na kwa seminari ndogo. Hapo ndipo aliposoma Laurean Rugambwa, mtoto wa vilima hivi hivi, aliyepata upadre mwaka 1943, uaskofu 1952, na mwaka 1960 Papa Yohane wa 23 akamfanya kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu. Tulisali makaburini, tukawataja marehemu wetu mmoja mmoja kwa majina. Kijana wa kidato cha nne akauliza kardinali amezikwa wapi. Nikamweleza: alifariki Dar es Salaam Desemba 1997, akazikwa kwanza Kashozi, palipoanzia misheni ya kwanza ya Bukoba mwaka 1892, kisha mwaka 2012 mabaki yake yakahamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba.

"Kumbe maiti inahamishwa?" akauliza. "Si dhambi?"

Si dhambi. Na jibu langu mwenyewe likaanza kunisuta. Kama mifupa ya kardinali inaweza kuhamishwa kwa heshima, basi kile nilichomwambia shangazi kwenye simu hakikuwa mafundisho ya Kanisa. Kilikuwa nini?

Twende polepole, maana hapa ndipo penye falsafa.

Kuna wanaosema wafu hawawezi kudhulumiwa kabisa. Epikuro alifundisha kwamba aliyekufa hayupo, na asiyekuwepo hadhuriki. Ukimfuata, kaburi ni udongo tu, uza, panda viazi, endelea na maisha. Lakini hakuna hata mmoja wetu anayeishi hivyo. Mtu akimtukana mama yako marehemu, unajua kwamba ametukanwa mama, si wewe tu. Aristotle naye katika Maadili yake alijiuliza kama matatizo ya watoto yanawagusa wazazi waliokwisha kufa, akajibu kwa tahadhari kwamba labda yanawagusa kidogo, ila si kwa kiasi cha kuwaondolea heri yao.

Kuna upande wa pili. Padre wa Kianglikana na msomi wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, aliwaita marehemu wa karibu wafu walio hai: wapo maadamu kuna mtu anayewakumbuka kwa jina, na asipobaki wa kuwakumbuka wanazama katika Zamani. Wazee wetu wangemwelewa mara moja. Ndiyo maana kaburi liko nyuma ya nyumba na si mbali: ili jina lisipotee. Ukiuza mahali pa kaburi, ni kama umemuua marehemu mara ya pili.

Nilikuwa nimeegemea upande huu bila kujijua. Na unapendeza, kwa sababu una upendo ndani yake. Lakini tazameni unachodai. Kama uhai wa marehemu unategemea kumbukumbu yangu, basi mimi ndiye mshika uhai wake, naye ndiye mdai wangu asiyetosheka. Mzigo huo hakuna binadamu anayeuweza. Na kwa kawaida, mzigo usiowezekana huwa unatafutiwa kichwa cha mwanamke.

Imani yetu inasema jambo la tatu. Marehemu wanaishi, ila si kwa sababu sisi tunawakumbuka. Wanaishi kwa sababu Mungu anawakumbuka. Sisi tunawaombea kwa upendo, na sala zetu zinawasaidia kweli, lakini hatuwashikilii wasianguke kutoka kwenye kuwepo. Mtakatifu Monika alijua hilo. Miaka mingi alitamani azikwe kwao Afrika, kando ya mume wake, na kaburi alikuwa ameshaliandaa. Mwaka 387 akaugua Ostia, ng'ambo ya bahari, na hapo akawaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasihangaike. Aliwaomba tu wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Mwanawe, Mtakatifu Augustino, baadaye aliandika kitabu kizima juu ya kuwatunza wafu. Anasema kwa ufupi kwamba mazishi yanawafariji zaidi walio hai kuliko kuwasaidia waliokufa, na hata hivyo ni wajibu wa upendo, kwa kuwa miili ile ilikuwa chombo cha Roho Mtakatifu. Heshima ipo. Utumwa haupo.

Sasa lirudini lile swali. Kama babu anaishi, na anasubiri kumwona Mungu au anamwona tayari, basi tusiulize kaburi linadai nini. Tuulize babu, kama alivyo sasa, anaweza kutaka nini. Na hapa jambo moja nina uhakika nalo. Sijui anataka kiasi gani cha migomba kibaki. Lakini mtu anayesogea karibu na Mungu hawezi kutaka binti yake achechemee mpaka kufa ili yeye alale pazuri. Labda babu wa mwaka 1985 angetaka. Babu wa 1985 alikuwa mwanaume wa wakati wake. Tunapomtumia yule kumnyima shangazi, hatumheshimu babu. Tunaushikilia udhaifu wake alioshaanza kutakaswa nao, na kuuita mila.

Najua mtaniambia: Frateri, kila mtu akianza kusema "babu angetaka hivi", si kila mtu atauza anachotaka? Pingamizi la haki. Ndiyo maana sisemi ninajua babu anataka nini. Nasema ninajua asichoweza kutaka, yaani dhuluma. Mengine yote yajadiliwe na walio hai, kwa hoja, si kwa kumtisha mwenzako na kaburi.

Na kuna pingamizi kubwa zaidi. Ardhi si ya wafu tu, ni ya ambao hawajazaliwa. Nabothi alimkatalia mfalme Ahabu shamba la mizabibu kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake, na Maandiko yanamheshimu kwa hilo. Baba mkubwa alinitajia Nabothi, tena kwa sura na aya. Nilikaa na Nabothi siku nyingi. Mwishowe nikaona hivi: Nabothi alikuwa mnyonge anayekataa kunyang'anywa na mwenye nguvu. Katika kikao chetu, mnyonge alikuwa nani? Ukisoma Nabothi halafu ukakaa upande wa walio wengi dhidi ya mwanamke mmoja mwenye fimbo, umekaa kwenye kiti cha nani?

Biblia hiyo hiyo, katika kitabu cha Hesabu, ina habari ya mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, wakasimama mbele ya Musa kudai urithi, na Mungu akasema wana haki.

Na wala hatuhitaji kwenda mbali mpaka tambarare za Moabu. Mwaka 1988, hapa hapa kwetu, mama mmoja Mhaya, Holaria Pastory, aliuza ardhi ya ukoo aliyorithishwa na baba yake kwa wosia. Bei ilikuwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akisema kwa mila ya Kihaya mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo lakini hawezi kuiuza. Na kweli, sheria za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 zilisema hivyo. Mahakama ya Mwanzo ikampa ushindi, Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaupindua, akakata rufaa. Februari 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya akaamua kwamba ubaguzi ule unapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba: mwanamke na mwanaume wako sawa, mauzo ni halali. Kesi hii inasomwa na wanasheria duniani. Mimi nimezaliwa na kukulia Nshamba na nilikuwa sijawahi kuisikia kanisani, shuleni, wala kwenye vikao vya ukoo. Tulitafuta historia yenye vibao wakati hii imelala kimya kwenye njia tunayopita.

Kilichonigusa zaidi ni sehemu ya mwisho ya hukumu. Jaji alimpa mlalamikaji miezi sita: kama anaipenda kweli ardhi ya ukoo, na airudishe kwa kulipa zile 300,000. Huo ndio moyo wa Walawi sura ya 25: ndugu akilemewa na umaskini akauza sehemu ya urithi wake, jamaa yake wa karibu aje aikomboe. Anayelia kwa ajili ya urithi ndiye anayetakiwa kufungua mkoba.

Jioni ile ya Novemba, baada ya kurudi kutoka Rubya na vijana kutawanyika, sikwenda moja kwa moja kuoga. Nilipita kibanjani. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Nikaenda nyuma kwenye makaburi kwanza. Nilitegemea kuona magugu, maana mimi mwenye "makaburi hayauzwi" nilikuwa sijakanyaga pale tangu mwaka juzi. Palikuwa pamefagiliwa. Majani mapya ya rweya yalikuwa yametandazwa kuzunguka kaburi la baba yangu. Sijui aliyabebaje na nyonga ile.

Nikarudi, nikapiga magoti mbele yake, nikasema, "Shangazi, nilikosea. Nisamehe." Akaendelea kuchambua maharage kidogo. Kisha akasema, "Inuka, utachafua suruali, mwanangu. Umekula?"

Kikao cha ukoo kilifanyika siku mbili baada ya Noeli. Nilisema niliyoyaandika hapa, kwa maneno machache na kwa kutetemeka zaidi. Nikapendekeza mambo matatu. Eneo la makaburi lisiuzwe, lipandiwe omulamula pande zote, ule mti wetu wa mipaka, na iachwe njia ya kupita. Shangazi awe na kauli juu ya sehemu yake kama ndugu zake. Na yeyote anayeona uchungu ardhi kutoka nje ya ukoo, aikomboe yeye kwa bei ile ile anayotoa jirani, kabla ya Pasaka.

Kelele zilikuwa nyingi. Mwishowe wakakubali, si wote kwa moyo. Baba mkubwa alisema atailipia yeye. Mpaka leo ninavyoandika hajalipa, na tangu siku ile hapokei simu zangu. Ninamwombea, na naomba nanyi mmwombee, kwa sababu simwoni kama mtu mbaya. Anaipenda ile ardhi. Anaogopa kwamba ikigawanyika, na sisi tutatawanyika. Hofu hiyo ina ukweli ndani yake, na mimi, ambaye Mungu akipenda sitakuwa na mtoto wa kumrithisha hata mgomba mmoja, sina haki ya kuidharau.

Lakini nimejifunza kutofautisha. Kumheshimu marehemu ni jambo ambalo mtu analitoa mwilini mwake mwenyewe: anafagia, anabeba majani, anatolea Misa, analipa. Ukiona heshima kwa wafu ambayo gharama yake yote inalipwa na mtu mwingine, jiulize vizuri ni heshima gani hiyo.

Sisi ni watu wa kaburi lililo tupu. Bwana wetu alilazwa katika kaburi la kuazima, na asubuhi ya tatu akaliacha. Waliokwenda na manukato walifanya vizuri, ulikuwa upendo. Lakini hawakuambiwa wakae pale walinde. Waliambiwa waende kwa ndugu zake walio hai.

Basi wiki hii, wapendwa, kabla hujatafakari Njia ya Msalaba, fanya jambo moja dogo. Mfikirie mtu mmoja nyumbani kwenu ambaye ndiye anayefagia makaburi. Mpigie simu. Usimwambie kitu kikubwa. Muulize tu kama amekula.

Eeh Bwana, uwape marehemu wetu raha ya milele, na sisi utupe macho ya kuwaona walio hai. Amina.

Tuombeane.